Samadi Safi

2 Machi
Wingu limekaa tangu asubuhi lakini halijatoa kitu. Nimemaliza kuchimba matuta ya nyanya na maharage. Mgongo unalalamika. Basi.

3 Machi
Povu ameleta samadi. Ni muuza maziwa wetu. Tunamwita Povu kwa sababu chupa zake huwa na povu jingi kuliko maziwa, naye huitikia bila kununa. Kila mwaka kabla ya mvua huniletea samadi ya ng'ombe wake, maana mimi sinunui mbolea ya dukani, na dawa ya dukani haijawahi kuvuka geti langu. Majivu, mboji, samadi na mikono miwili. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba bustani yangu ni safi kuliko sebule yetu, na hakuwa akitania.

"Mama, mwaka huu kiangazi kimemaliza malisho," Povu alisema huku akishusha. "Ng'ombe nimewanunulia marobota ya nyasi kavu. Safi mno! Gugu hulioni humo hata la dawa."

"Afadhali," nilimjibu. "Samadi ya mwaka jana ilinijazia magugu mpaka kizingitini."

Ilikuwa imeiva vizuri, nyeusi, haina harufu. Nikiwa ndiyo kwanza naanza kuipakia kwenye toroli, wifi alichomoza kichwa juu ya michongoma. Ni dada wa marehemu mume wangu. Nyumba zetu zimesimama kwenye kiwanja cha baba yao, na katikati hakuna ukuta, kuna michongoma tu inayofika kiunoni.

"Wifi, nigawie toroli moja basi. Maua yangu yana njaa."

"Samadi yangu haiendi mahali palipopita dawa."

"Dawa niliacha tangu kaka yangu alipofariki. Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Mchoyo wewe! Hata mavi ya ng'ombe unayafungia kabatini!" Akacheka, akaenda zake. Wifi hucheka kwa mwili mzima.

Tuta la mbali, chini ya ukuta wa nyuma, ndilo nililolishibisha zaidi, kwa kuwa ardhi yake imechoka. Matuta ya kati yamepata kiasi. Ukanda mwembamba kando ya michongoma umekosa kabisa, samadi iliisha.

9 Machi
Mvua ya kwanza ya kweli. Nimesia maharage, nimehamisha miche ya nyanya. Mahindi na vitunguu kwenye matuta ya kati. Alizeti kwenye pembe zote nne.

14 Machi
Jumamosi, siku ya kikapu. Mimi hupanda mboga pamoja na maua machache ya kufukuza wadudu. Wifi hupanda maua pamoja na mboga chache za kujipa moyo. Tangu nilipoolewa, kila Jumamosi kikapu huvuka michongoma kikiwa na mboga, kikarudi na maua. Hatujawahi kukubaliana kuhusu jambo hilo. Lilianza tu, nasi tukaliacha liendelee.

Leo alikuja na kikapu mwenyewe, akakaa kwenye ngazi ya jikoni bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Binti yangu amenipigia tena," alisema. "Anataka niende nikakae naye. Ati ghorofa ya nne, chumba changu mwenyewe, godoro jipya."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nina kazi. Mpambaji anategemea waridi zangu kila Ijumaa. Nikienda, kumbi zake za harusi atazipamba kwa mchicha wako? Lakini mtoto huyo king'ang'anizi, kamrithi baba yake. Nimemwambia mvua zikiisha nitampa jibu."

"Fanya unavyoona," nilisema.

Ninaandika hapa nisichomwambia. Sitaki aende. Mwanangu huja mwisho wa mwezi, hula, husinzia kwenye kochi, huondoka. Wifi akienda, nitabaki nikisema na nyanya.

20 Machi
Maharage yameota yote. Konokono wawili, nimewatupa nje ya geti.

27 Machi
Mvua kutwa.

4 Aprili
Maharage ya tuta la mbali yana kasoro. Majani mapya yanajikunja kuelekea ndani kama ngumi ya mtoto mchanga. Nimegeuza jani baada ya jani nikitafuta vidukari. Hakuna hata kimoja. Nimenyunyiza majivu, ingawa sikuona sababu ya kufanya hivyo. Kikapu kimevuka na kurudi.

9 Aprili
Sasa ni nyanya. Vikonyo vimejisokota, majani yamekuwa membamba kama nyuzi, na mashina yanapinda kama mtu anayeficha uso. Alizeti nazo zimeinamisha shingo. Tuta la mbali limeharibika vibaya zaidi. Ya kati yanafuatia. Mahindi yako sawa. Vitunguu viko sawa. Kando ya michongoma kuna miche mitatu ya nyanya niliyoipachika pale kwa kukosa mahali pengine, nayo ni mizuri kama picha.

Nimetembea bustanini mara nyingi leo bila kufanya kazi yoyote.

13 Aprili
Bwana shamba amekuja. Nilimwita mimi, na nimejuta. Ni kijana mwenye viatu visivyojua tope. Alilishika jani, akalipeleka juu, akalipeleka chini.

"Mama, hii inafanana na athari ya dawa ya kuua magugu."

"Katika bustani hii hakuna dawa ya kuua hata inzi."

"Sawa, mama. Na samadi umeitoa wapi?"

"Samadi yangu ni safi kuliko mikono yako."

Aliitazama mikono yake, maskini, kama mtoto aliyekaguliwa kucha. Akasema kwamba atanipigia, akaondoka. Hata hivyo, neno moja alilolisema limebaki: dawa. Kama si mimi niliyeitia, nani?

17 Aprili
Nimemwona kwa macho yangu.

Asubuhi mvua ilikatika, upepo ukawa unavuma kutoka kwake kuja kwangu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye vitunguu. Nikasikia ule mlio, shii, shii, nikasimama. Wifi alikuwa katikati ya waridi, bomba la kupulizia likiwa mgongoni, kitambaa kimefunga pua na mdomo. Lilikuwa bomba lile lile la miaka ile.

"Unapuliza nini?" niliuliza.

"Heh! Umenishtua. Maji ya sabuni. Vidukari vimenivamia."

"Maji ya sabuni hufungiwa kitambaa puani?"

"Nina mafua, wifi." Akashusha kitambaa, akanionesha pua, nyekundu kweli. "Unataka nikupigie chafya ndiyo uamini?"

Siku nyingine ningecheka. Nilimwambia aje aone. Alivua bomba, akapita kwenye mwanya wa michongoma, akaja hadi tuta la mbali. Alisimama mbele ya nyanya, akageuza jani moja kwa kidole.

"Masikini," akasema. "Zina nini?"

"Zina wewe."

"Unasemaje?"

"Bwana shamba amesema ni dawa. Mimi sina dawa. Upepo unatoka kwako. Waridi zako zimenawiri, bustani yangu inakufa. Unataka nikuchoree?"

"Wifi, tazama pale." Alinyoosha mkono kuelekea miche mitatu iliyo kando ya michongoma. "Ile iko karibu na bomba langu kuliko hii. Mbona haina kitu? Dawa yangu inaruka ile, inakuja kutua huku nyuma?"

"Upepo huruka."

"Upepo huruka! Wewe, mwalimu mzima!"

"Kaka yako alikukataza kupuliza vitu hivyo mpaka pumzi zikamwishia. Nilidhani kaburi lake lingekuwa na uzito kwako."

Hapo uso wake ulibadilika. Si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Alijifuta tope la mkononi kwenye kanga, pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Kaka yangu usimtie," alisema. "Nimekwambia ni maji ya sabuni. Nimekwambia mara moja, sitakuapia kama mwizi."

Akarudi kwake. Ninaandika kwamba sijuti. Mtu asiye na hatia huapa.

18 Aprili
Jumamosi. Kikapu hakikuvuka. Saa nne nilisikia mlango wake, nikasimama dirishani. Alikuwa akimwaga maji ya kufulia.

22 Aprili
Mwanangu amekuja kwa kuwa nilimwita. Amesimamisha mabati kuziba michongoma, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alifanya kazi akiwa amenuna.

"Mama, huyu ni shangazi yangu. Nikimkuta barabarani nimwambie nini?"

"Mwamkie. Adabu haijakatazwa."

"Na ukikuta si yeye?"

Nilimwambia apigilie msumari.

24 Aprili
Ijumaa. Mpambaji amepita kuchukua waridi. Ni mwanamke mwenye sauti ya kipaza, gari lake limejaa vitambaa na vishada vya plastiki. Huniamkia siku zote, na leo aliniuliza habari za bustani. Nikampeleka akaione. Nikamweleza. Nilichagua maneno yangu kwa uangalifu. Sikuongeza chumvi hata chembe. Nilisema nilichokiona na nilichoambiwa na mtaalamu.

"Mungu wangu," alisema. "Na mimi maua haya ninayaweka kwenye meza za chakula! Na bibi harusi anayakumbatia kifuani!"

"Mimi nimekueleza tu. Kuamua ni kwako."

Aliondoka bila kugonga mlango wa wifi. Nilimwona wifi akitoka na ndoo mbili za waridi zilizokwisha kukatwa, akasimama barabarani, akatazama gari likikata kona. Alisubiri pale muda mrefu, akidhani labda gari litageuza.

1 Mei
Mpambaji hakuja. Mvua.

2 Mei
Nimeng'oa maharage yote ya tuta la mbali. Hayakuzaa hata ganda moja. Kutoka upande wa pili wa mabati nasikia mkasi wake, chak, chak. Anakata maua yaliyopitiliza. Hayaendi popote.

5 Mei
Binti wa wifi alikuja na gari. Alinisalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, mkazamjomba." Kisha, akiwa bado kainama kidogo: "Nasikia wewe na mama hamsemezani. Mimi siingilii ya wakubwa. Ila mama hali vizuri. Tena sasa hana kazi ya kumshikilia hapa, kwa nini asije kwangu?"

"Je, amekubali?"

"Bado. Anasema mvua haijaisha."

Nikamwambia kwamba mama yake ana kosa, na kwamba nitamthibitishia. Akasema, "Sawa, mkazamjomba," kwa sauti ambayo watu hutumia kwa wagonjwa.

6 Mei
Nimechukua makopo mawili. Moja nimelijaza udongo wa tuta la mbali, la pili udongo wa kando ya njia ambao haujaguswa na jembe, ili mtu asije akasingizia mbegu. Nimesia maharage katika yote mawili, nikayaweka kwenye dirisha la sebule na kulifunga kabisa. Bomba la wifi halifiki sebuleni kwangu. Maharage yatanyooka katika makopo yote mawili, nami nitayabeba mkononi hadi kwa binti yake, aone kwamba udongo hauna hatia na kwamba kilichoniharibia bustani kilitoka hewani.

11 Mei
Yameota. Makopo yote mawili. Vizuri.

16 Mei
Jumamosi. Maharage ya kopo la njiani yamesimama wima, majani mapana, kijani kibichi.

Maharage ya kopo la tuta la mbali yamejikunja. Ngumi ile ile.

Nimeligusa dirisha. Limefungwa. Nimekagua komeo kana kwamba komeo ndilo lingenisaidia.

17 Mei
Nimekwenda kwa Povu kwa miguu, mvua ikininyeshea. Nilimkuta akisuuza madumu.

"Nyasi ulizonunua," nilimwambia, "zilitoka wapi?"

"Kwenye shamba moja kubwa, mama. Wanalima nyasi tupu."

"Kwa nini hazikuwa na magugu?"

"Si wanapuliza dawa! Inaua magugu yote, inaacha nyasi. Ndiyo maana safi."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, dumu mkononi. "Mama, wewe magugu ndiyo yalikuwa yanakusumbua. Ulifurahi, ukasema afadhali. Na ng'ombe wangu wazima, maziwa wanatoa, samadi imeiva. Ningejuaje?"

Njiani nilimpigia simu bwana shamba, ambaye nilikuwa sijapokea simu zake. Alisema kwamba ndiyo, zipo dawa za aina hiyo. Zinapita tumboni mwa ng'ombe zikatoka na nguvu zao, na samadi hata ikiiva haizimalizi. Nyanya, maharage na alizeti haziziwezi. Mahindi na vitunguu haviathiriki. Aliyasema hayo bila kunisimanga. Ningependa angenisimanga.

Kwa hiyo ni mimi. Nilibeba sumu kwa toroli langu, nikaisambaza kwa reki langu, na palipochoka nikapashibisha zaidi. Miche mitatu iliyopona ilipona kwa sababu samadi haikuifikia. Na waridi za wifi zilinawiri kwa sababu nilimnyima.

Kesho nitakwenda kumwambia.

18 Mei
Mvua. Sikwenda.

19 Mei
Mvua imekatika mchana. Nilivaa viatu, nikafika getini kwangu, nikakumbuka kwamba sijafunga kuku. Mimi sina kuku. Ni wa jirani wa mbele. Nilirudi ndani hivyo hivyo.

20 Mei
Sikwenda. Nimekwangua samadi yote iliyobaki juu ya tuta la mbali na kuitia kwenye magunia. Haifai kwenda kwenye mboji, haifai kupewa mtu. Sijui pa kuipeleka.

22 Mei
Nimeanza na lililo jepesi. Nimekwenda dukani kwa mpambaji nikamweleza kwamba nilikosea, kwamba waridi za wifi hazina dawa yoyote. Aliendelea kukunja vitambaa.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini nimeshapata mtu mwingine, nimempa neno langu. Juzi maua ni sumu, leo si sumu. Kesho ukiota tena?"

Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo tangu niwe mtu mzima.

24 Mei
Sikwenda. Jua kali. Mvua zinaelekea kuisha.

27 Mei
Mwanangu amenipigia simu. "Umesikia? Shangazi amekubali. Amempa binti yake jibu juzi Jumatatu."

Jumatatu nilikuwa hapa, nikipalilia vitunguu visivyo na magugu.

28 Mei
Leo nimekwenda. Sikupita kwenye mwanya, una mabati. Nilizunguka barabarani kama mgeni na kubisha hodi.

Alikuwa chumbani, nguo zimetandazwa kitandani, sanduku wazi. Hakuniambia nikae. Nilikaa. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kiangazi, marobota, shamba la nyasi, dawa, tumbo la ng'ombe, makopo mawili dirishani. Nilieleza vizuri. Nimekuwa nikieleza watu mambo maisha yangu yote. Yeye alikunja gauni, akakunja jingine.

"Kwa hiyo," alisema nilipomaliza, "kosa ni la ng'ombe."

"Sikusema hivyo."

"Umemtaja Povu, umemtaja ng'ombe, umetaja nyasi. Nilikuwa nasubiri nisikie mtu mwingine."

"Nilikosea kuhusu dawa, wifi."

"Kuhusu dawa ulikosea." Aliweka mkono juu ya nguo zilizokunjwa, akazibonyeza ziingie. "Na kuhusu mimi? Ulisimama mbele yangu ukanitolea kaburi la kaka yangu. Mimi niliyemwosha miguu alipokuwa hawezi kuinuka, wewe ukiwa umelala kwa uchovu. Hukuniuliza, wifi. Ulinihukumu, halafu ukaenda kutafuta ushahidi. Na ulipoupata, umekaa nao siku ngapi?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Mpambaji alinipigia Jumatatu asubuhi," alisema. "Akaniambia ulikwenda kwake Ijumaa. Nikajiambia, basi, anakuja. Nikakaa pale jikoni tangu asubuhi, hata chai nilikuwa nimeweka. Nikasikia jembe lako upande wa pili. Jioni nikampigia binti yangu."

Neno lenyewe nililijua. Ni fupi, nimelifundisha kwa watoto wa watu, nimewalazimisha walitamke wakiwa wameinua kichwa. Nilisimama, nikasema, "Basi nikuache ufungashe." Hilo ndilo lililotoka.

30 Mei
Jumamosi. Hakuna mvua tena. Nimemwita fundi, amebandua mabati. Upande wa pili wifi alikuwa akianika shuka. Aliutazama mwanya uliofunguka, akachukua beseni lake, akaingia ndani.

6 Juni
Gari lilikuja asubuhi. Binti na dereva walibeba vitu, havikuwa vingi. Nilitoka nikasimama karibu na geti, nimevaa gauni la kutokea. Nililisema hatimaye, lile neno, nikalisema kwa sauti hata dereva akasikia. "Nisamehe."

Wifi alikuwa ameshika mlango wa gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Nimekusamehe," alisema. "Wala usiwe na shaka."

Akapanda, akavuta mlango, akateremsha kioo kidogo.

"Haya, jirani. Ubaki salama."

Mimi ni mtu wa kusahihisha wenzangu papo hapo. Nilifungua mdomo, nikaufunga, na gari likaondoka.